Alexis Soyer: mpishi wa wakubwa aliyewabunia jiko wenye shida

Ndugu msomaji, mtu ninayekuletea safari hii hakuwa mtakatifu, wala hakuna aliyewahi kuomba atangazwe hivyo. Alipenda sifa, alivaa nguo za madaha, na alijitangaza magazetini bila haya. Hata hivyo, kati ya watu wengi wa karne ya 19 waliohangaika na njaa na vita, yeye ni mmoja wa wachache waliouliza swali ambalo wakubwa hawakulifikiria: chakula kipo, wenye njaa wapo, lakini kitapikwaje?

Mama yeyote wa hapa Akheri analijua swali hilo. Anajua kwamba mahindi na maharage yaliyomo stoo bado si makande. Kati ya gunia na sahani kuna maji, kuni, sufuria, moto na mikono inayoijua kazi. Kikikosekana kimoja, watoto watalala njaa hata kama gunia limejaa. Kanisa linatufundisha kwamba kumlisha mwenye njaa ni tendo la kwanza la huruma ya kimwili. Maisha ya Alexis Soyer yanatuonyesha jinsi tendo hilo linavyohitaji akili, vipimo na ufundi, na pia jinsi linavyoweza kuharibika tukisahau heshima ya anayelishwa.

Mtoto wa kwaya aliyefukuzwa

Alexis Benoît Soyer alizaliwa tarehe 4 Februari 1810 huko Meaux, mji mdogo ulio mashariki ya Paris nchini Ufaransa. Wapenzi wa historia ya Kanisa wanaukumbuka mji huo kwa sababu ya Askofu Bossuet, mhubiri mashuhuri wa karne ya 17. Familia ya Soyer haikuwa na mali. Baba alijaribu kazi mbalimbali, ikiwemo biashara ya duka la vyakula, na Alexis alikuwa kitinda mimba katika watoto watano wa kiume.

Inasimuliwa kwamba wazazi wake walitaka awe mtu wa Kanisa, na kwamba akiwa bado mdogo alipelekwa kwenye shule ya kanisa kuu la Meaux aimbe kwaya na kusoma. Maisha ya huko hayakumpendeza. Usiku mmoja, hivyo ndivyo wasimulizi wake wanavyoeleza, alizipiga kengele za kanisa usiku wa manane, mji mzima ukaamka ukidhani kuna hatari. Akafukuzwa. Sisi tulioko seminarini tunaweza kucheka kidogo, kisha tunyamaze, kwa maana kila mmoja wetu anajua kengele ina maana gani katika nyumba ya malezi.

Mwaka 1821, akiwa na miaka 11, alikwenda Paris kwa kaka yake Philippe, ambaye tayari alikuwa mpishi. Huko akaingia jikoni kama mwanafunzi wa kazi. Aliipenda kazi hiyo tangu mwanzo, na kabla hajafikisha miaka 20 alikuwa akiwaongoza wapishi wengine. Mwaka 1830 alikuwa msaidizi wa mpishi mkuu wa Polignac, kiongozi wa serikali ya mfalme, mapinduzi yalipozuka mwezi Julai. Watu wenye silaha walivamia jikoni wakati karamu inaandaliwa. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wapishi waliuawa, na Soyer akaiokoa roho yake kwa kuanza kuimba wimbo wa wanamapinduzi kwa sauti kubwa. Sauti iliyofundishwa kwaya ilimfaa siku hiyo. Mwaka uliofuata alivuka bahari akaenda Uingereza, ambako Philippe alikuwa akimpikia mwana wa ukoo wa kifalme.

Jiko ambalo watu walikwenda kulitazama

Mwaka 1837 mambo mawili makubwa yalitokea katika maisha yake. Alimwoa Emma Jones, mchoraji wa Kiingereza mwenye kipaji, na akateuliwa kuwa mpishi mkuu wa Reform Club, klabu ya wanasiasa jijini London. Tarehe 28 Juni 1838, siku Malkia Victoria alipovikwa taji, Soyer aliandaa kifungua kinywa cha watu wapatao 2,000.

Jengo jipya la klabu lilipokuwa likijengwa, Soyer alishirikiana na mbunifu wa majengo Charles Barry kupanga jiko lake. Lilipofunguliwa mwaka 1841 likawa la ajabu. Wakati huo majiko mengi ya Ulaya yaliwashwa makaa ya mawe asubuhi na kuachwa yakiwaka mpaka usiku, yakimwunguza mpishi na kuteketeza fedha za mwenye nyumba. Soyer aliweka majiko ya gesi, ambayo moto wake unaongezwa, unapunguzwa na kuzimwa chakula kikishaiva. Aliweka tanuri zenye joto tofauti, makabati ya kuhifadhia samaki yaliyopozwa kwa maji baridi, na mabomba ya mvuke ya kuweka sahani katika joto. Wageni waliomba ruhusa ya kuingia kutazama tu.

Tukiangalia kwa makini, fikra yote ya baadaye ya Soyer tayari ilikuwa mle ndani. Joto ni mali. Usiliachie lipotee hewani, wala usiwashe moto mkubwa kwa kazi ndogo. Tofauti ni kwamba mwaka 1841 aliitumia fikra hiyo kuwapikia mabwana waliokuwa wameshiba.

Mwezi Agosti 1842, Soyer akiwa safarini Ubelgiji, Emma alifariki London akiwa mjamzito. Alikuwa bado na umri chini ya miaka 30. Soyer alimjengea kaburi kubwa katika makaburi ya Kensal Green na hakuoa tena. Mwaka 1848 alikusanya michoro ya marehemu mkewe akafungua maonyesho, ili viingilio vya watazamaji vigharimie supu ya wafumaji wa hariri wa Spitalfields, mtaa wa London ambao kazi zake zilikuwa zimekufa.

Njaa ya Ireland

Tangu mwaka 1845 ugonjwa ulikuwa umeyashambulia mashamba ya viazi nchini Ireland. Mamilioni ya wakulima wadogo wa huko, wengi wao Wakatoliki, hawakuwa na chakula kingine. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa nje ya nchi, kwa kuwa vilikuwa mali ya wenye mashamba na wafanyabiashara. Kufikia mwaka 1851 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wameihama nchi yao.

Mwanzoni mwa mwaka 1847 Soyer aliandika barua magazetini akisema kwamba supu yenye kutosheleza inaweza kupikwa kwa gharama ndogo na kwa watu wengi sana kwa wakati mmoja. Serikali ya Uingereza ikamwita, naye akaomba ruhusa klabuni, akaenda Dublin. Tarehe 5 Aprili 1847 jiko lake lilifunguliwa karibu na kambi ya jeshi mjini humo.

Lilikuwa banda la mbao na turubai, lenye upana wa takriban mita 12 na urefu wa mita 15. Katikati kulikuwa na chungu kikubwa cha mvuke chenye kuchukua galoni 300, yaani zaidi ya lita 1,300. Mvuke wake ulipasha joto masufuria mengine yaliyopangwa kukizunguka, hivyo moto mmoja ulifanya kazi ya mioto mingi. Kando palikuwa na tanuri ya mikate. Ukutani zilipangwa meza nyembamba zenye matundu, na katika kila tundu kulikuwa na bakuli lililokazwa pamoja na kijiko kilichofungwa kwa mnyororo. Mabakuli yalikuwa 100. Nje palikuwa na njia ya kupindapinda ambamo watu 100 waliweza kusubiri. Kengele ikilia, watu 100 waliingia, wakanywa supu, wakapewa kipande cha mkate na kutokea mlango wa pili. Mabakuli yalioshwa, kengele ikalia tena.

Kwa mpango huo jiko moja lililisha kwa wastani watu 8,750 kwa siku. Serikali nayo ilianzisha majiko ya supu nchi nzima, na ilipofika mwezi Julai 1847 watu wapatao milioni tatu walikuwa wakila humo kila siku. Wanahistoria wengi wanaona kwamba miezi hiyo michache ndiyo iliyokuwa na msaada wenye manufaa kuliko yote katika njaa ile. Kwa huzuni, serikali iliyafunga majiko hayo baada ya miezi michache, wakati njaa haijaisha.

Hapa lazima tuseme pia yasiyopendeza, kwa maana kuandika maisha ya mtu kwa kumpaka mafuta tu ni kumdanganya msomaji.

La kwanza, supu ilikuwa nyepesi. Soyer alijua sana kutoa ladha kwa vitu vichache: mifupa, vitunguu, unga kidogo, maganda ya mboga ambayo wengine wangeyatupa. Lakini ladha si lishe. Madaktari wa wakati wake walimpinga, wakaeleza kwamba nyama iliyomo ilikuwa kidogo mno kumtunza mtu anayeishi kwa supu hiyo peke yake. Walikuwa na haki. Mtu aliyekondeana kwa njaa ya miaka miwili hakuhitaji tumbo lijae maji yenye harufu nzuri.

La pili ni zito zaidi. Siku ya ufunguzi watu wa tabaka la juu walialikwa kuja kutazama, na wenye nacho waliweza kutoa mchango wa shilingi tano wakaangalia maskini wakila. Fedha hizo zilikwenda kwa maskini haohao, lakini baadhi ya magazeti ya Dublin yaliwaka hasira, yakifananisha jambo hilo na watu kwenda kutazama wanyama wakilishwa kwenye bustani. Soyer mwenyewe alizoea jiko kuwa onyesho. Hakuona kwamba mtu anayekunywa supu kwa kijiko chenye mnyororo, huku mwanamke mwenye kofia ya manyoya anamwangalia, anapewa chakula na kunyang'anywa kitu kingine kwa wakati uleule.

Injili inatusimulia jinsi makutano walivyoketishwa kwenye majani vikundi vikundi, vya mia mia na vya hamsini hamsini. Hesabu ya mia mia inafanana na ya Dublin. Lakini kule nyikani watu waliketi, walikula wakashiba, na hakuna aliyelipa kuja kuwatazama. Tofauti hiyo ndogo ni kubwa sana.

Kabla ya kuondoka, Soyer alitoa kijitabu cha mapishi ya watu maskini, na sehemu ya bei yake ikaenda kwenye michango ya hisani. Baadaye, mwaka 1854, alitoa kitabu kingine kilichouzwa kwa shilingi moja tu ili watu wa kawaida waweze kukinunua. Nakala zake ziliuzwa kwa maelfu mengi. Mpishi wa wakubwa alikuwa ameanza kuandika kwa ajili ya nyumba yenye sufuria moja.

Kutoka hasara hadi vitani

Mwaka 1850 aliiacha Reform Club. Mwaka uliofuata, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, alifungua hoteli ya fahari kubwa kupita kiasi ili kuwalisha wageni wa mataifa yote, akapata hasara ya maelfu ya pauni. Mtu mwingine angejificha. Yeye aliendelea kuchora vyombo, kuandika na kutafuta kazi.

Wakati huo Uingereza, Ufaransa na Uturuki walikuwa vitani dhidi ya Urusi katika rasi ya Crimea. Habari zilizofika London katika majira ya baridi ya mwaka 1854 na 1855 zilitia simanzi. Askari wengi zaidi walikuwa wakifa kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Kila askari alipewa nyama mbichi na kuachiwa aipike mwenyewe katika kibati chake, kwa kuni mbichi zilizolowa mvua, akiwa amechoka kutoka zamu. Wengi waliila nusu mbichi. Waligawiwa hata kahawa ambayo haijakaangwa, bila chombo cha kuikaanga wala cha kuisaga. Sisi tunaoishi kati ya mibuni ya Meru tunajua buni mbichi haina faida gani mkononi mwa mtu anayetetemeka kwa baridi.

Mwezi Februari 1855 Soyer aliandika gazetini akijitolea kwenda kupanga upya upishi wa hospitali za jeshi. Serikali ilikubali. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Lord Panmure, waziri wa vita, mfano wa jiko dogo la kambini alilolibuni. Mwezi Machi alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, ambako Florence Nightingale alikuwa amekwisha kuanza kazi yake ya kuwauguza majeruhi.

Alichokikuta jikoni kinaelezea mengi kuhusu misaada isiyo na utaratibu. Kila wodi ilileta nyama yake, na ili isichanganyike na ya wodi nyingine, ilifungwa kwa kamba kwenye kipande cha ubao na kutiwa alama: kitambaa chekundu, kifungo cha koti, hata mkasi wa zamani. Vifurushi vyote vilitumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Kwa kuwa nyama ilibanwa sana, nje ilikauka na ndani ikabaki mbichi. Kisha maji yaliyochukua utamu wote wa nyama yakamwagwa, na mafuta yaliyoganda juu yakatupwa. Kuni nazo zilirundikwa chini ya vyungu bila kipimo.

Soyer hakuomba nyama zaidi. Aliwaambia wapishi walegeze kamba, watie chumvi na pilipili, wasimwage maji bali wayafanye supu, waenguwe mafuta na kuyahifadhi kwa kukaangia, na wapunguze moto chungu kikishachemka. Kwa mgao uleule na kuni pungufu, wagonjwa walipata supu, nyama laini na mboga. Alisisitiza pia kwamba kupika si adhabu ya kumpa askari yeyote kwa zamu. Alichagua watu, akawafundisha, akaandika vipimo na kuvibandika ukutani ili atakayekuja baadaye asianze upya. Alibuni hata birika kubwa la chai lenye kichujio ndani, ili chai ya watu wengi itoke sawa kwa kila mtu.

Jiko lenyewe

Kitu kilichoishi kuliko vyote ni jiko la kambini. Ukiliona picha yake leo huwezi kushangaa, kwa kuwa linafanana na pipa. Uzuri wake uko hapohapo.

Lilitengenezwa kwa bati la chuma. Chini palikuwa na chumba cha moto chenye mlango mdogo. Juu, chungu chenye kuchukua takriban lita 50 kilishuka ndani ya pipa badala ya kukaa juu ya ndimi za moto, hivyo joto lilikizunguka pande zote kabla moshi haujatoka kwa bomba fupi. Mfuniko uliziba vizuri. Jiko moja lilitosha kupikia askari wapatao 50.

Linganisha na mafiga matatu. Kwenye mafiga, upepo hupuliza moto upande, joto kubwa huishia hewani na machoni mwa mpishi, mvua ikinyesha kazi imekwisha. Jiko la Soyer lilifanya kazi kwenye mvua na upepo, hata ndani ya hema. Lilikubali kuni, makaa ya mawe, au hata samadi iliyokauka. Nyumbu mmoja aliweza kubeba majiko mawili. Usiku halikutoa mwanga wa kuwaonyesha maadui ilipo kambi. Halikuwa na sehemu nyororo ya kuvunjika, na fundi wa kawaida wa bati aliweza kulitengeneza.

Tarehe 27 Agosti 1855 Soyer alizindua majiko hayo mbele ya majenerali wa Uingereza na Ufaransa karibu na Sevastopol. Kwa kawaida yake alifanya sherehe. Lakini mara hii waliokula hawakuwa maskini wa kutazamwa. Wakubwa walionja chakula kilekile kilichopikwa kutokana na mgao wa askari wa kawaida. Labda Dublin ilikuwa imemfundisha jambo.

Tena alifanya uamuzi ambao watu wanaomjua kwa majivuno yake hawautarajii. Hakuchukua hataza ya jiko hilo, yaani haki ya kisheria ya kulipwa na kila atakayelitengeneza. Hakutaka isemwe kwamba alikwenda vitani kutafuta faida kwenye mateso ya askari. Mtu aliyekuwa na madeni, na aliyewahi kuuza michuzi ya chupa yenye picha yake, aliliacha jiko lake litengenezwe bila kumlipa.

Kifo na kilichobaki

Huko Crimea Soyer aliugua homa kali, na afya yake haikurudi kama zamani. Aliporejea Uingereza mwaka 1857 alichapisha kitabu kuhusu safari yake, kisha akashirikiana na Florence Nightingale kurekebisha majiko ya hospitali na kambi za jeshi. Mwishoni mwa Julai 1858 jiko la mfano alilolipanga katika kambi ya Wellington jijini London lilifunguliwa. Siku chache baadaye, tarehe 5 Agosti 1858, alifariki akiwa na miaka 48. Alizikwa Kensal Green kando ya Emma. Nightingale aliona kifo chake kuwa pigo kubwa, kwa kuwa hakuona mwingine aliyejua kwa kiasi kile namna ya kuwapikia watu wengi chakula chenye afya bila kupoteza kitu. Mali yake ilichukuliwa na mdai, na karatasi zake nyingi zikapotea.

Jiko halikupotea. Jeshi la Uingereza liliendelea kulitumia kwa zaidi ya miaka 100 likiwa na mabadiliko machache. Katika Vita Kuu ya Pili, miji ya Uingereza ilipopigwa mabomu, majiko ya namna hiyo yalitumika kupikia watu waliobaki bila nyumba.

Na sisi huku Meru?

Msomaji anaweza kuuliza Crimea na Ireland zinatuhusu nini. Shuka kutoka Akheri mpaka Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, utakuta makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 walianza kufika hapo wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamefukuzwa makwao na serikali ya Kisovieti, wakapelekwa Siberia, kisha wakapitia Iran hadi Afrika Mashariki. Kambi yao ilifikia watu wapatao 5,000. Dharura ya Ulaya ilikuja kupika chakula chake chini ya mlima wetu.

Mwezi Aprili 1994 ikawa zamu ya Ngara. Katika muda wa saa 24 hivi, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Mashirika yalileta mahindi na maharage. Lakini maharage makavu hayaliwi bila kuchemshwa saa nyingi, na kila familia iliwasha mafiga yake. Miti ya maeneo ya kuzunguka kambi ya Benaco ikaisha kwa kasi, na wanawake wakalazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni, safari ambayo katika kambi nyingi ni ya hatari kwao. Hilo ndilo swali la Soyer lilelile. Ndiyo maana leo wanaohudumia wakimbizi huhesabu jiko na nishati kuwa sehemu ya chakula, na kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, zimekuwa mahali pa kujaribia majiko banifu.

Nyumbani nako hatujasalimika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziachane na kuni na mkaa. Shule zetu, seminari zetu na vituo vya watoto yatima ni taasisi za aina hiyo. Hapa Arusha tunacho Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC), ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na gesi ya samadi, na karibu kila boma la mteremko huu lina ng'ombe wa ndani. Wakati tukingojea mtambo, kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria, kukausha kuni vizuri na kupunguza moto chakula kikishachemka ni mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Ni maagizo yaleyale ya Scutari.

Sisi tunaosoma falsafa tunajifunza kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba huruma inakuwa fadhila pale inapoongozwa na akili. Mara nyingi tunaliweka fundisho hilo kwenye daftari na kulisahau. Parokia ikikusanya unga kwa waathirika wa mafuriko, tunapiga picha ya magunia na kurudi nyumbani tumeridhika. Nani ameuliza kama huko kuna sufuria? Nani ameuliza kama kuna kuni kavu, maji safi, mtu anayejua kupikia watu 300? Na picha ile ya mama anayepokea unga, je, aliombwa ruhusa, au tumerudia makosa ya Dublin kwa simu zetu?

Soyer hakuwa mfano wa kila fadhila. Supu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi, na macho yake yalichelewa kumwona maskini kuwa mwenzake. Lakini alirudi tena jikoni, akajifunza, akapima, akafundisha wengine, na mwisho akatoa kitu chake bora bila malipo. Tunapomwombea pumziko la milele mtoto huyu wa kwaya aliyefukuzwa Meaux, tuombe pia neema ya kuhudumu kwa namna ambayo chakula kinafika kimeiva, na anayekipokea anakula ameketi.